Spea za Mfumo wa Mafuta: Maswali ya Kuuliza Kabla Hujatuma Pesa

Mtu akianza kuongezea gari nguvu, macho huenda kwanza kwa turbo, egzosi na rimu. Hosi ya mafuta haina mpenzi. Imejificha chini ya gari, haitoi sauti, na hakuna rafiki atakayekupongeza kwa sababu yake. Lakini petroli ikianza kuvuja karibu na turbo iliyopata moto, hiyo hosi ya bei rahisi ndiyo itaamua kama utarudi nyumbani na gari au na picha ya gari.

Kwenye kurasa hizi tumezoea kuzungumza kuhusu kulipa salama kwa simu. Leo tunaingia kidogo ndani ya bonet, na sababu ni rahisi. Wateja wetu wengi hununua spea hivi: unatumiwa picha kwa WhatsApp, unaambiwa bei, unapewa namba, na ndani ya dakika mbili pesa imeshaenda. Maswali ya maana huja baadaye, mzigo ukishafika. Tungependa maswali hayo yatangulie PIN.

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: gari la petroli la silinda nne lenye turbo, kama zile Subaru nyingi tunazoziona barabarani, ambalo mwenyewe anataka lifike nguvu za farasi 300. Ukiwa na gari tofauti, hesabu ni ileile. Badilisha tu namba.

1. Anza na hesabu, duka baadaye

Mfumo wa mafuta una kazi moja: kupeleka petroli ya kutosha, kwa presha inayofaa, bila kuvuja. Safari yenyewe huanza kwenye tangi, ambamo pampu imezama. Mafuta hupita kwenye filta, yakafuata paipu na hosi hadi kwa injekta zilizo juu ya injini. Regulata hulinda presha, na kwa magari mengi ya aina hii, mafuta yasiyotumika hurudi kwenye tangi kwa paipu ya pili.

Sasa tupige hesabu. Injini ya petroli yenye turbo, ikisukumwa kabisa, hula takriban kilo 0.27 za mafuta kwa kila nguvu ya farasi kwa saa. Hicho ni kipimo ambacho mafundi wengi hukitumia kupanga kazi.

- Farasi 300 × 0.27 = kilo 81 kwa saa.
- Lita moja ya petroli ina uzito wa kama kilo 0.74. Kwa hiyo kilo 81 ni karibu lita 110 kwa saa.
- Lita 110 kwa saa ni karibu sentimita za ujazo 1,830 kwa dakika. Gawanya kwa injekta nne: kama 460 kwa kila moja.
- Injekta haifai kuachwa wazi muda wote. Mafundi hupenda ifanye kazi kwa asilimia 80 hivi ya uwezo wake. Gawanya 460 kwa 0.8, unapata kama 575.

Yaani gari hili linahitaji injekta za kama 575 hadi 600, na pampu inayoweza kutoa zaidi ya lita 110 kwa saa kwa presha ya kazi. Pampu iliyoandikwa lita 255 kwa saa inatosha na inabakisha. Akitokea mtu wa kukuuzia pampu ya lita 450 na injekta za 1,000 "ndio usijute baadaye", wewe unajua tayari kwamba anakuuzia nguvu ambazo injini yako haitazitumia. Tena pampu kubwa kupita kiasi ina shida yake, kama tutakavyoona.

Hesabu hii si badala ya fundi. Ni ya kukuwezesha kuongea na fundi bila kuburutwa.

2. Pampu: lita ngapi, kwa presha gani?

Namba ya lita iliyo kwenye boksi haina maana ikiwa haijaambatana na presha. Pampu yoyote hutoa mafuta mengi ikiwa haina kazi, na kadiri presha inavyopanda ndivyo lita zinavyopungua.

Magari mengi ya mfano wetu hufanya kazi kwa presha ya msingi ya bar 3, yaani psi 43.5. Turbo ikisukuma hewa kwa psi 15, regulata huongeza presha ya mafuta kwa kiasi hichohicho, ili injekta iendelee kutoa vilevile. 43.5 + 15 = 58.5. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni hili: "Pampu hii inatoa lita ngapi kwa psi 60?" Kampuni kubwa za pampu hutoa jedwali au mchoro unaoonyesha jibu. Muuzaji asiyejua anaweza kuutafuta. Muuzaji anayekasirika kwa kuulizwa, hapo umeshapata jibu la aina nyingine.

Mambo matatu mengine kuhusu pampu:

- Umeme. Pampu ikipata volti chache, hutoa mafuta machache. Waya mwembamba wa zamani ambao ulitosha pampu ya kiwanda huenda usitoshe pampu kubwa. Uliza bei ya relei, fyuzi na waya mnene, uziweke kwenye bajeti mapema.
- Regulata. Pampu kubwa mno husukuma mafuta mengi kuliko regulata ya kiwanda inavyoweza kurudisha. Presha inapanda hata gari likiwa limesimama, mafuta yanazidi, plagi zinaingia masizi, na unabaki kushangaa kwa nini unajaza tangi kila siku ya pili.
- Feki. Pampu zenye majina makubwa, kama Walbro na Bosch, zimeigwa sana kote duniani. Boksi linafanana, stika inafanana, na nje huwezi kuona tofauti. Bei ikiwa nusu ya bei ya kila mtu, usijiambie umepata bahati.

Njia nzuri ya kujua ni kupima. Fundi mwenye vifaa anaweza kuendesha pampu kwa presha inayojulikana na kupima inachotoa. Lita 255 kwa saa ni lita 4.25 kwa dakika. Pampu yako ikitoa lita mbili na nusu kwa presha ambayo mtengenezaji anadai 4.25, sahau stika. Kipimo hiki ni cha gereji yenye hewa ya kutosha, mbali na moto, na si cha kufanyia kwenye parking ya ploti.

3. Injekta: namba tu haitoshi

Injekta hupewa namba ya ujazo kwa presha fulani, mara nyingi bar 3. Hakikisha unalinganisha namba zilizopimwa kwa presha moja.

Uliza pia kuhusu ukinzani wa umeme. Ziko injekta za ukinzani mkubwa na za ukinzani mdogo. Ukifunga za ukinzani mdogo kwenye gari ambalo kompyuta yake haikuundwa kwa hizo, unaweza kuunguza sehemu ya kompyuta inayoziendesha. Hiyo ni gharama nyingine ambayo hukuipanga.

Mwisho, injekta kubwa bila kutuni kompyuta ya gari ni pesa iliyomwagwa chini. Kompyuta bado inadhani injekta ni zile ndogo, kwa hiyo inamwaga mafuta kupita kiasi. Kama bajeti yako haina kutuni, hujafika wakati wa kununua injekta.

Ukinunua injekta za mtumba kutoka Japani, nunua seti nzima iliyosafishwa na kupimwa, na uitishe karatasi ya vipimo inayoonyesha kila injekta ilitoa kiasi gani. Oringi ziwe mpya kila wakati. Oringi ya zamani iliyokauka ni njia fupi sana ya kupata petroli juu ya injini.

4. Hosi: soma maandishi, usiangalie rangi

Hapa ndipo pesa kidogo huleta hasara kubwa, kwa sababu hosi zote nyeusi zinafanana. Siri iko kwenye maandishi ya ubavuni. Hosi ya mafuta ya kweli huwa imeandikwa jina la mtengenezaji, ukubwa, na kiwango. Kiwango kinachotumika sana ni SAE J30, na herufi R inayofuata ndiyo ya kuangalia:

- R6 na R7: za presha ndogo, kama magari ya kabureta na njia za mvuke. Kwa hosi nyembamba, kikomo ni psi 50.
- R9: za magari ya injekta. Zinastahimili psi 100, na ndani zina utando wa raba maalumu inayovumilia petroli.
- R10: za kuzamishwa ndani ya tangi. Hizi zinastahimili petroli ndani na nje.

Rudi kwenye hesabu yetu ya psi 58.5. Hosi ya R7 kikomo chake ni 50. Kwa hiyo mtu akikukatia mita moja ya R7 na kukuambia "hii ni ya petroli, usijali", hajadanganya. Kweli ni ya petroli. Ila si ya petroli ya gari lako. Unahitaji R9.

Kosa la pili ni kutumia R9 ndani ya tangi. Ngozi yake ya nje haikutengenezwa kuogelea kwenye petroli. Baada ya muda inalainika, inavimba, na vipande vyake vinaishia kwenye filta. Kipande kidogo kinachounganisha pampu na mfuniko wake lazima kiwe R10, au paipu maalumu ya plastiki iliyokuja na pampu. Ni kifupi kama kidole, lakini wengi hukikosea.

Sasa tuangalie vitu ambavyo huuzwa kaunta moja na hosi za mafuta, na havifai kubeba petroli:

- Hosi ya hita na ya rejeta. Nyingi ni za raba iitwayo EPDM. Inapenda maji moto, haipatani na petroli wala oili. Itavimba na kuoza.
- Hosi za silikoni za rangi. Zile nyekundu na buluu zinazopendeza kwenye picha ni za maji ya kupoza na hewa ya turbo. Petroli hupenya kwenye silikoni ya kawaida na kuiharibu. Ukisikia harufu ya petroli ndani ya gari na fundi alikuwekea silikoni kwenye njia ya mafuta, zima injini hapohapo.
- Paipu ya plastiki angavu. Ni ya kuoshea na kunyonyea. Joto la injini litaifanya ngumu ipasuke.

5. Hosi za kusukwa: ndani kuna nini?

Hosi zilizovikwa nyuzi za chuma au nailoni huuzwa ghali, na wengi huzinunua kwa sababu zinaonekana za mashindano. Lakini ile sweta ya nje ni ya kinga tu. Kinachogusa petroli ni kilicho ndani, na ndani kuna aina mbili kuu.

Ya kwanza ni raba. Inapindika vizuri na kuunganisha ni rahisi, lakini ina umri. Mvuke wa petroli hupenya polepole, na baada ya miaka raba hukauka huku nje ikiwa bado inang'aa. Ya pili ni PTFE, ile inayojulikana kama Teflon. Haipitishi harufu na haiozeshwi na mafuta, ila ni ngumu kupinda, na ukiikunja sana inavunjika mkunjo na kuziba. Kwa mafuta, chagua PTFE inayopitisha umeme, ambayo huwa na kaboni ndani na rangi yake ni nyeusi. Petroli inayokimbia ndani ya hosi huzalisha umeme tuli, na hosi isiyoweza kuupitisha inaweza kutobolewa na cheche ndogo ndogo kutoka ndani.

Angalizo moja: nyuzi za chuma hufanya kazi kama msasa. Zikisuguana na waya wa umeme au paipu ya alumini kwa muda, zinakata. Hosi ifungwe mahali pake kwa vishikizo, isiachwe ikicheza.

6. Fitingi: namba ndogo, matatizo makubwa

Fitingi za mashindano hupimwa kwa namba za AN. Namba hiyo ni sehemu za kumi na sita za inchi. AN 6 ni 6/16, yaani inchi 3/8. AN 8 ni nusu inchi. AN 10 ni inchi 5/8. Kwa gari letu la farasi 300, AN 6 inatosha kabisa. AN 10 ni ya magari ya nguvu nyingi zaidi. Kwako itakuwa uzito na bei tu.

Kabla hujalipa, hakikisha mambo mawili:

1. Fitingi ni ya hosi yako. Fitingi ya hosi ya raba na fitingi ya PTFE hazibadilishani, hata kama zote ni AN 6. Ya PTFE ina pete ndogo inayobana hosi. Ukizichanganya, inaweza kukaa vizuri siku ya kwanza, halafu ichomoke siku presha ikipanda.
2. Pembe inalingana. Fitingi za AN hukutana kwa pembe ya digrii 37. Ziko fitingi za magari za digrii 45 zinazofanana nazo kwa macho. Ukilazimisha moja kwenye nyingine, itavuja, na kadiri unavyoikaza ndivyo unavyoiharibu.

Kwa hosi ya kawaida ya R9, tumia klipu za mfumo wa injekta zenye ukingo uliokunjwa. Klipu za kawaida zenye matundu hukata raba zikikazwa sana.

7. Wapi pa kununua

Nairobi, wengi huanzia Kirinyaga Road na Industrial Area. Faida ya kwenda mwenyewe ni kwamba unashika kitu, unasoma maandishi, na unalinganisha maduka matatu kabla jua halijawa kali. Nenda na kipande cha zamani mkononi, na uandike namba kwenye karatasi: presha, kipenyo cha ndani, urefu, R ngapi. Mwenye karatasi huheshimiwa zaidi ya anayesema "nipe ile ya Subaru".

Ukinunua mtandaoni kutoka kwa muuzaji wa hapa Kenya, omba picha ya kitu chenyewe na si picha ya katalogi. Kwa hosi, omba picha ya maandishi ya ubavuni. Kwa pampu, omba picha ya namba zilizochongwa au kuchapwa kwenye mwili wake.

Ukiagiza nje, bei ya kwenye tovuti ni mwanzo tu. Ongeza usafiri, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za kuingiza mizigo. Muulize wakala wako jumla ya pesa hadi mzigo ukufikie mlangoni, na akuandikie. Kumbuka pia kwamba kurudisha kitu kibovu ng'ambo kunaweza kugharimu karibu sawa na kitu chenyewe.

8. Mazungumzo ya mfano

Huu hapa mfano wa jinsi mteja anaweza kumwandikia muuzaji:

*Mteja: Habari ya asubuhi, boss. Natafuta hosi ya mafuta ya gari la injekta lenye turbo. Presha inafika psi 60. Iko nje ya tangi, inchi 3/8, mita mbili. Unayo inayofaa?*

*Muuzaji: Iko bro. Original kabisa. 2,400 zote.*

*Mteja: Asante. Nitumie picha ya maandishi ya ubavuni nione kama ni R9. Na ukiniuzia, naweza kurudisha kama si yenyewe?*

*Muuzaji: Hii ni R9, tazama picha. Ukiirudisha kabla haijakatwa au kufungwa nakupa pesa yako.*

*Mteja: Sawa. Nitalipa kwa Till ya duka. Naomba na risiti.*

Ona alichofanya. Hakuuliza tu "iko ngapi?" Alieleza kazi ya hosi. Hilo lina uzito kisheria. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, ukimweleza muuzaji wa bidhaa hizo kazi unayotaka kitu kifanye, na ukategemea ujuzi wake, kitu hicho kinapaswa kufaa kwa kazi hiyo. Ukiagiza kwa jina la biashara peke yake, "nipe hiyo ya kampuni fulani", kinga hiyo inaweza kukuponyoka. Ujumbe mmoja wa WhatsApp unaweza kuwa ushahidi wako. Usiufute.

9. Wakati wa kulipa

Sasa tuko kwenye kazi yetu. Fuata hatua hizi:

- Lipa duka, usilipe mtu. Ukitumia Till au Paybill ya biashara, rekodi inabaki na jina la biashara. Ukituma kwa namba ya binafsi ya "kijana wa duka", rekodi inaonyesha ulimtumia mtu pesa, na duka linaweza kusema halimjui.
- Soma jina kabla ya kuweka PIN. Jina linalotokea kwenye skrini lilingane na la duka. Likiwa tofauti, simama na uulize. Jibu la "hiyo ni ya mdosi, tuma tu" halitoshi.
- Gawanya malipo makubwa. Tuseme seti nzima ya pampu, hosi na fitingi ni KSh 60,000. Kubaliana amana ndogo ya kushikia mzigo, na salio ulipe ukishaukagua. Muuzaji wa kweli naye anataka uhakika. Amana inamfaa pia.
- Usiharakishwe. "Imebaki moja na kuna mtu yuko njiani" ni maneno ya zamani kuliko simu. Kama itauzwa, itapatikana nyingine.
- Itisha risiti. Ombea ankara ya eTIMS yenye maelezo kamili ya bidhaa: "hosi ya mafuta SAE J30 R9, inchi 3/8, mita 2", na si "spea" tu. Hifadhi pamoja na ujumbe wa malipo wenye kodi ya muamala.
- Ukiwa muuzaji, angalia salio lako. Usitoe mzigo kwa sababu umeonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Ujumbe hughushiwa. Pesa iliyoingia huonekana kwenye akaunti yako mwenyewe.

Wateja wengi hudhani kwamba malipo yanaweza kurudishwa muda wowote. Kurudisha muamala ni kwa ajili ya pesa iliyokwenda kwa namba isiyo sahihi, na hata hapo ni lazima uripoti upesi, kabla mpokeaji hajaitoa. Ikiwa ulimlipa muuzaji uliyekusudia, halafu kitu kikawa feki, huo ni mgogoro wa mauzo. Ripoti kwetu ikiwa unaona ni utapeli, lakini usitegemee kwamba tunaweza kuivuta pesa kama kamba. Ndiyo maana ukaguzi unakuja kabla ya PIN.

10. Mambo yakiharibika

Anza na muuzaji mwenyewe, kwa maandishi, bila matusi. Tuma picha, risiti na mazungumzo mliyokuwa nayo. Mambo mengi huishia hapo.

Ukishuku bidhaa ni ya kuigwa, iko Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi, na malalamiko ya viwango hupelekwa KEBS. Ukitaka pesa yako, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, na unaweza kujisimamia bila wakili. Utakachohitaji ni kilekile ulichokusanya: ujumbe, risiti, rekodi ya malipo na spea yenyewe. Kwa hiyo usimwachie fundi aitupe.

11. Baada ya kufunga

Usiondoke gereji mara tu gari likiwaka. Mwambie fundi awashe swichi bila kupiga stata, ili pampu ijenge presha, halafu mkague kila muungano kwa tochi na kitambaa kikavu. Kisha injini iwake, mkague tena. Gari lipate moto, lizimwe, mkague mara ya tatu. Rudia baada ya siku chache za kuendesha, kwa sababu viungo hukaa vizuri baada ya joto na baridi.

Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya Limuru alfajiri. Kwa hiyo ukisikia harufu, hakuna "nitaangalia wikendi". Betri itolewe waya kabla ya kazi, sigara iwe mbali, na kizima moto kiwe karibu. Kizima moto kikae ndani ya gari pia.

Na jambo moja ambalo husahaulika: ijulishe kampuni yako ya bima kuhusu mabadiliko makubwa uliyofanya kwenye gari. Kuficha kunaweza kukugharimu fidia siku unapoihitaji zaidi.

Kabla ya PIN: orodha fupi

1. Nimepiga hesabu ya lita na injekta ninazohitaji.
2. Najua presha ya mwisho ya mfumo wangu.
3. Hosi imeandikwa R9 nje ya tangi, R10 ndani ya tangi.
4. Fitingi, hosi na pembe vinalingana.
5. Nimemweleza muuzaji kazi ya spea kwa maandishi.
6. Nimeona kitu chenyewe au picha yake halisi.
7. Jina la Till ni la duka ninalolijua.
8. Nimekubaliana kuhusu kurudisha, na risiti inakuja.

Ukiwa na jibu kwa yote manane, weka PIN yako. Ukikosa hata moja, mpigie muuzaji simu kwanza. Pesa ingali kwako, na hapo ndipo una nguvu ya kuuliza.